Mungo: siku tano ndani ya ranchi ya kondoo iliyogeuka hifadhi

Siku ya 1: Mildura hadi Mungo, kilomita 110

Mildura ni mji wa zabibu na machungwa ukingoni mwa mto Murray, kusini-mashariki mwa Australia. Kiswahili si kigeni hapa: familia kutoka Burundi na Kongo zimehamia mjini, na baadhi yao wanalima mahindi kwa maji ya mto huo. Ni mahali pa mwisho pa kununua chochote. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mungo hakuna kituo cha mafuta wala duka la vyakula, kwa hiyo tangi lijazwe hadi juu na maji yahesabiwe lita 5 kwa kila mtu kwa siku, pamoja na akiba ya siku mbili endapo mvua itafunga njia. Kuni nazo zibebwe kutoka mjini. Kuokota matawi ndani ya hifadhi ni marufuku, maana katika nchi yenye miti michache hivi tawi lililoanguka ndilo makao ya mijusi na wadudu.

Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti. Mchana jua ni la kuvumilika, usiku baridi inashuka karibu na sifuri, na asubuhi hema linaweza kuwa na ukungu ulioganda. Januari joto hupita nyuzi 40, na atakayeharibikiwa gari mchana wa Januari hatakuwa na kivuli cha kujibanza.

Gari linaondoka saa 1 asubuhi, linavuka daraja la Murray na kuingia Buronga, jimbo la New South Wales. Karibu na hapo kuna mji mdogo unaoitwa Gol Gol. Lishike jina hilo, tutakutana nalo tena kwenye banda na kisha ndani ya udongo wenyewe.

Barabara ya Arumpo inaelekea kaskazini-mashariki. Lami inakwisha na udongo mwekundu unaanza, wenye mawimbi madogo yaliyokingama njia, yanayotikisa gari mpaka nati zinalegea. Kabla ya kuingia kwenye vumbi, punguza upepo wa matairi kutoka pauni 36 hadi 28 hivi. Tairi lililojaa sana hupigwa na jiwe likatoboka, lakini lililolegea kidogo hulikumbatia jiwe na kulipita. Mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Tairi la akiba likaguliwe Mildura, si porini, na jeki iwe na kipande cha ubao cha kuikalia, vinginevyo itazama mchangani gari likiwa juu.

Tatizo kubwa zaidi ni mvua, hata ikiwa kidogo. Udongo wa mfinyanzi ukilowa unaganda kwenye tairi, unajaza nafasi iliyo juu ya gurudumu, na gari linateleza hata likiwa linavuta kwa magurudumu yote manne. Mamlaka hufunga barabara mapema, na anayepita kwa ukaidi hutozwa faini. Sababu inaeleweka: mitaro anayoiacha hukauka ikawa migumu kama matofali, na watakaofuata wataipigia magari kwa miezi.

Njiani mandhari yanabadilika polepole. Kuna mikaratusi mifupi yenye mashina mengi yanayotoka kwenye kisiki kimoja, kisha mibela, miti ya jenasi Casuarina, ndugu wa mvinje wa pwani yetu, na sauti ya upepo ndani yake ni ileile. Halafu miti inaachana na mbele yako kuna uwanda mpana, bapa, wenye vichaka vya rangi ya majivu. Hiyo ndiyo sakafu ya Ziwa Mungo. Maji hayajasimama hapa kwa zaidi ya miaka 15,000. Upande wa mbali, mashariki, mstari mweupe unakaa juu ya upeo wa macho. Hizo ndizo Kuta za China. Inasimuliwa kuwa jina lilitokana na vibarua wa Kichina waliofanya kazi kwenye ranchi.

Kambi kuu iko karibu na kituo cha wageni. Fika kabla ya magharibi, kwa sababu jioni kangaruu hutoka kula kandokando ya barabara na hurukia taa za gari.

Siku ya 2: Banda la sufu

Hatua chache kutoka kituo cha wageni limesimama banda la kukatia manyoya ya kondoo, lililojengwa mwaka 1869. Wakati huo ardhi yote hii ilikuwa sehemu ya ranchi ya Gol Gol, na jina Mungo halikuwapo. Wengi hupiga picha moja na kwenda zao. Tunashauri asubuhi nzima, kwa sababu banda hili linaeleza uchumi wa nchi kavu ya New South Wales waziwazi kuliko bango lolote.

Anza na ukuta. Hauna msumari mwingi. Mafundi walisimamisha nguzo za msonobari wa Murray, wa jenasi Callitris, wakachonga mfuo mrefu kila upande wa nguzo. Kisha wakachukua magogo mafupi, wakayapunguza ncha zake, na kuyadondosha moja juu ya lingine ndani ya mifuo hiyo mpaka ukuta ukafika juu. Gogo likioza unalitoa na kudondosha jingine, nguzo haiguswi. Mti huu ulichaguliwa kwa sababu una utomvu ambao mchwa hawaupendi, na uliota pale pale. Sogea karibu na nguzo moja: alama za tezo bado zipo, vikombe vidogo vilivyopishana, kila kimoja pigo moja la mkono wa mtu. Mahali ambapo kondoo walijisugua, alama hizo zimepotea na mbao imekuwa laini na yenye kung'aa, kwa kimo cha kiuno cha mtu mzima kwenda chini. Grisi ya sufu imeingia ndani ya mbao na haijatoka mpaka leo.

Sasa ufuate mwendo wa kondoo. Jioni kabla ya kazi waliingizwa chini ya paa, wakalala humo wamebanana. Lengo lilikuwa kukausha manyoya: sufu mbichi ikifungwa kwenye robota hupata joto na kuoza kwa ndani, na wanyoaji wenyewe walikataa kugusa kondoo aliyelowa kwa kuhofia ugonjwa. Sakafu ya zizi hilo la ndani ni fito zilizoachana, ili kinyesi kidondoke chini na manyoya yabaki safi. Kutoka hapo kondoo waliingia vizizi vidogo, kila kimoja nyuma ya mnyoaji wake. Mnyoaji alimvuta kondoo kwa miguu ya mbele, akamkalisha kitako kwenye ubao, akaanza tumboni. Walitumia mikasi ya mkono, kipande kimoja cha chuma cha pua kilichokunjwa kikawa makali mawili. Akimaliza, kondoo alisukumwa kwenye tundu la ukutani akateleza hadi zizi la nje, kila mnyoaji na zizi lake, kwa sababu alilipwa kwa idadi. Mkaguzi aliyepita na kukuta kondoo amekatwa vibaya aliweza kukataa kumhesabu, na ugomvi wa namna hiyo ulichangia kuzaliwa kwa vyama vya wanyoaji nchini Australia miaka ya 1880.

Manyoya yalitoka yakiwa kipande kimoja kama blanketi. Mchukuzi aliyarusha juu ya meza ya fito, kingo chafu zikang'olewa, yakakunjwa, mtaalamu akayapanga kwa daraja, kisha yakashindiliwa kuwa marobota. Kutoka hapa mabehewa ya kukokotwa na maksai yaliyapeleka mtoni, na meli za magurudumu ya pembeni zikayateremsha kwa mito ya Darling na Murray. Mashine za kunyolea zilikuja baadaye. Banda la kwanza kumaliza msimu mzima kwa mashine lilikuwa la ranchi ya Dunlop, kwenye mto huohuo wa Darling lakini mbali kaskazini, mwaka 1888.

Fedha ya sufu ndiyo iliyoharibu nchi. Mabwanyenye na mabenki walihesabu mvua ya miaka mizuri kana kwamba ndiyo mvua ya kila mwaka, wakajaza kondoo kulingana na hesabu hiyo. Sungura walioachiwa jimbo jirani la Victoria mwaka 1859 walivuka Murray karibu na mwaka 1880 na kula kilichobaki. Kisha ukaja ukame mrefu, kuanzia mwaka 1895 hadi 1903. Idadi ya kondoo magharibi mwa New South Wales iliporomoka kwa zaidi ya nusu, na malalamiko ya wafugaji yakaleta tume ya uchunguzi na sheria maalumu ya ardhi za magharibi ya mwaka 1901, iliyoweka ranchi chini ya mikataba ya kukodi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ilizikatakata ranchi kubwa na kugawia askari waliorudi. Gol Gol iligawanywa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kipande chenye banda kikapata jina Mungo, linalosimuliwa kutokana na mtakatifu Mungo, msimamizi wa jiji la Glasgow. Kipande jirani kiliitwa Zanci.

Kosa la ugawaji ule lilikuwa la hesabu. Hekta zilizoonekana nyingi mno kwenye ramani ya ofisini zililisha kondoo wachache mno ardhini, na mkulima mdogo hakuwa na mahali pengine pa kuhamishia mifugo ukame ukija. Alilazimika kuwaacha palepale mpaka wakamaliza kichaka cha mwisho.

Mchana, banda la Mungo likiwa tupu, simama katikati ya sakafu na usikilize mabati yakilia kwa joto. Kisha keti kivulini. Kesho ni siku ya kutembea.

Siku ya 3: Kuta za China, pamoja na kiongozi

Huruhusiwi kupanda kuta peke yako. Njia ya mbao iliyoinuliwa inafika ukingoni na kuishia hapo. Kwenda mbele ya hapo ni lazima uwe na kiongozi aliyeidhinishwa. Weka nafasi mapema. Ukimpata kiongozi anayetoka jamii za wenyeji wa asili, Barkandji, Mutthi Mutthi au Ngiyampaa, umepata mtu anayekuonyesha nyumbani kwao.

Ukuta huu ni tuta lenye umbo la mwezi mwandamo, refu kwa zaidi ya kilomita 20, lililojengwa na upepo wa magharibi. Maji yalitoka mto Lachlan kupitia kijito cha Willandra na kujaza msururu wa maziwa. Ziwa lilipojaa, mawimbi yalitupa mchanga safi ufuoni mashariki na upepo ukaurundika. Ziwa lilipoanza kukauka, chumvi ilipanda juu ya tope, tope likavunjika kuwa chembe ndogo kama ulezi, na upepo ukazibeba chembe hizo juu ya tuta lilelile. Kwa hiyo tabaka la mchanga linasema maji yalikuwapo, na tabaka la mfinyanzi wa kijivu linasema yalikuwa yanakwisha.

Kiongozi ataonyesha matabaka matatu makuu. Chini kabisa ni jekundu, lenye umri wa zaidi ya miaka 100,000, na linaitwa Gol Gol. Juu yake kuna tabaka la rangi ya kahawia hafifu, Mungo, la wakati ziwa lilipokuwa na maji na watu wanaishi pembeni. La juu, kijivu cheupe, lililomaliza kujengwa ziwa lilipokufa, linaitwa Zanci. Jim Bowler, mwanajiolojia aliyeanza kazi hapa mwaka 1967, aliyapa matabaka majina ya ranchi zilizokuwa juu yake. Ndiyo maana umri mkubwa kiasi hiki unabeba majina ya mashamba ya kondoo ya jana tu.

Na hapa ranchi na mambo ya kale vinakutana kwa undani zaidi ya majina. Kabla ya kondoo, tuta hili lilikuwa limefunikwa na mimea na udongo wake umetulia. Kwato zilivunja gamba la juu, meno yakamaliza vichaka, sungura wakatoboa mashimo, na upepo na mvua vikafanya kazi iliyobaki. Kuta unazozipiga picha, zile nguzo na mabonde yaliyochongeka, ni donda. Tuta linaliwa na kurudi nyuma, na kila linapoliwa linaacha wazi kilichokuwa ndani yake.

Tarehe 15 Julai 1968 Bowler aliona kipande cha udongo mgumu chenye mifupa iliyoungua. Wenzake walipofika mwaka uliofuata waliona kwamba mvua chache zaidi zingeisaga yote, wakaikusanya na kuipeleka Canberra ndani ya begi la nguo. Ilikuwa mifupa ya mwanamke kijana. Mwili ulichomwa, mifupa ikapondwa, ikachomwa tena, kisha ikazikwa. Tarehe 26 Februari 1974, baada ya mvua, Bowler aliona fuvu jingine umbali mfupi kutoka hapo: mwanamume aliyelazwa, mikono imekutanishwa mapajani, amenyunyiziwa unga mwekundu wa udongo wa rangi. Udongo huo haupatikani hapo. Uliletwa kutoka mbali. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2003 viliwaweka wote wawili kwenye umri wa takriban miaka 40,000 hadi 42,000. Ni miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa duniani wa watu kuchoma maiti kwa utaratibu na kuzika kwa heshima.

Serikali ya jimbo ilinunua ranchi ya Mungo mwaka 1978 na hifadhi ikatangazwa mwaka 1979. Mwaka 1981 eneo la maziwa ya Willandra, hekta 240,000, liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa bado ranchi zinazofanya kazi, na majadiliano na wafugaji juu ya nani apunguze mifugo na nani ahame yalichukua miaka. Makubaliano ya kusimamia hifadhi kwa pamoja na jamii tatu za wenyeji yalitiwa saini mwaka 2001. Kwa maoni yetu huo ndio mwaka muhimu kuliko yote katika historia ya hifadhi hii, ingawa mabango yanapenda kutaja 1981.

Kuna sheria ndogo ambayo wageni huivunja bila kujua. Ukiona jiwe lenye makali au kipande cha ganda la yai la emu, yule mbuni wa Australia, usiliokote hata kama utalirudisha. Thamani yake iko kwenye tabaka lilipolala. Ukilisogeza sentimita 30 chini ya mteremko, umelihamisha labda miaka 20,000, na hakuna mtu atakayeweza kulirudisha.

Nyayo ni habari ya peke yake. Mwaka 2003 mwanamke kijana wa Mutthi Mutthi aliona unyayo wa mtu kwenye sakafu ngumu kati ya maziwa mawili. Uchimbaji ulifikisha zaidi ya nyayo 450, za watu wazima na watoto, zenye umri wa miaka 19,000 hadi 23,000. Wafuatiliaji nyayo wa Pintupi kutoka jangwa la kati waliitwa kuzisoma, wakatambua mtu aliyepita akiruka kwa mguu mmoja. Nyayo zenyewe huwezi kuziona: zimefukiwa tena kwa mchanga, na kituo cha wageni kina nakala unayoweza kuigusa.

Anayesikitika kwamba zimefukiwa akumbuke Laetoli, Tanzania. Nyayo za miaka milioni 3.6 zilizopatikana na timu ya Mary Leakey mwaka 1978 zilifukiwa mwaka uliofuata kwa mchanga wa mto, lakini mchanga ule ulikuwa na mbegu za migunga. Migunga ikaota, mizizi ikashuka kwenye jivu lenye nyayo, na katikati ya miaka ya 1990 ikabidi pafunuliwe, mizizi ikatwe, kisha pafukiwe upya chini ya vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi. Kufukia ndiyo njia sahihi, ila mchanga wa kufukia lazima uchekechwe usibaki hata mbegu moja.

Siku ya 4: Mzunguko wa kilomita 70

Njia ya mzunguko inakatisha sakafu ya ziwa, inapita nyuma ya kuta na kurudi kupitia msitu wa mikaratusi. Sehemu kubwa ni ya upande mmoja, kwa hiyo ukishaanza unamaliza. Chukua maji na chakula cha mchana, toka saa 2 asubuhi.

Nyuma ya kuta mchanga mweupe unaohama umemeza miti mizima, vilele vinachungulia. Tuta linasogea mashariki kila mwaka wa upepo, na hilo ndilo jibu kwa anayeuliza kwa nini lisizibwe tu. Kulipanda nyasi kwa nguvu kungehitaji mitambo, na gurudumu la mtambo ni baya kuliko kwato. Kinachofanyika ni kuondoa wanyama wanaokula mimea na kuipa ardhi muda.

Kuwaondoa kunaanzia kwenye maji. Wafugaji walichimba malambo kwa koleo kubwa la chuma lililokokotwa na farasi: mfereji unakusanya maji ya mvua, yanapita kwanza kwenye shimo dogo la kutulizia tope, kisha bomba linayaingiza kwenye lambo lenyewe. Kondoo hawezi kwenda mbali na maji wakati wa joto, kwa hiyo kila lambo lilizungukwa na duara la ardhi tupu, na malambo yalipoongezeka, maduara yaligusana. Ardhi iliyopumzika kwa sababu tu haikuwa na maji ikakosa mapumziko. Kondoo walipoondolewa malambo yalibaki, na yakaendelea kulisha kangaruu wengi kupita kiasi, pamoja na mbuzi waliotoroka kufugwa na kuzaana porini.

Kufunga lambo kuna utaratibu wake. Kwanza mfereji wa kuingiza maji unakatwa, kisha bomba linazibwa, mwisho ukingo unavunjwa ili maji yasisimame. Kazi ifanywe majira ya baridi, na maji mengine yakiwapo porini. Ukifunga katikati ya kiangazi, wanyama waliozoea kunywa hapo watarudi usiku na kukwama kwenye tope la mwisho. Malambo machache huachwa kwa ajili ya kuzima moto.

Kabla ya kufunga, lambo hutumika kunasa mbuzi. Uzio wa waya unazungushwa pande zote, na mlango ni ngazi ya udongo au mbao: mbuzi anapanda kwa nje, anaruka ndani, na kwa ndani hakuna pa kupandia. Kosa la kawaida ni kutega mara moja. Uache mlango wazi kabisa wiki moja au mbili mpaka kundi lizoee, ndipo utege. Mtego ukishategwa ukaguliwe kila siku, na kangaruu na emu waachiwe mlango wa pembeni. Mtego usiokaguliwa siku mbili za joto ni mauaji.

Sungura wana kazi ngumu zaidi. Ugonjwa wa miksomatosisi uliosambaa bonde la Murray mwaka 1950, ukibebwa na mbu, uliwaua kwa wingi, kisha wakajenga kinga. Virusi vya pili vilitoroka kwenye majaribio katika kisiwa cha Wardang, Australia Kusini, mwaka 1995, vikafagia nchi kavu yote. Nchi ilipumua kila mara, lakini sungura wachache hubaki, na mmoja tu kwa hekta anatosha kuzuia baadhi ya miti isizaliane. Ndiyo maana, ukitazama misonobari kando ya njia, mara nyingi utakuta wazee na wajukuu bila wazazi: miti ya kabla ya sungura, na michipukizi iliyoponea baada ya ugonjwa kupita.

Shimo likibaki, sungura hurudi. Kwa hiyo makao yao huvunjwa kwa trekta lenye meno marefu ya chuma. Udongo uwe mkavu na sungura wawe wachache, yaani mwisho wa kiangazi. Meno yashuke angalau sentimita 50, mistari iachane sentimita 50, yapite tena kwa kukatisha, na yavuke mita 3 au 4 zaidi ya shimo la mwisho, maana njia za chini hufika mbali kuliko milango yake. Rudi baada ya wiki chache ufukie milango iliyofunguliwa upya. Shimo moja lililosahauliwa linarudisha kundi zima. Lakini haya yote ni kwa nchi ya kawaida. Hapa, ambapo kaburi la miaka 40,000 linaweza kuwa chini ya jino la kwanza, kila uchimbaji hupitia kwanza macho ya wataalamu wa mambo ya kale na wazee wa jamii, na mahali pengi jibu ni hapana.

Nyaya za mipaka ya zamani nazo hutolewa, kwa sababu kangaruu akiruka vibaya mguu hunaswa kati ya nyaya mbili za juu na kufa akining'inia. Legeza kwanza waya kwenye nguzo ya kukazia, polepole. Waya uliokazwa ukikatwa ghafla unaruka kama fimbo na kupasua uso. Nguzo za mbao za enzi ya Gol Gol huachwa mahali pake.

Alasiri njia inafika Zanci. Nyumba imekwisha, limebaki dohani, zizi la farasi la magogo, na shimo lenye paa ambamo familia ilijificha na joto. Banda la sufu la hapa ni dogo. Angalia nguzo zake: mifuo ileile, vikombe vilevile vya tezo. Gol Gol ilipogawanywa, sehemu ya banda kuu ilibomolewa, mbao zikaletwa hapa na kusimamishwa tena. Nguzo nyingine zina mfuo upande usioshika gogo lolote, kwa sababu ukuta uliokuwa ukiingia humo ulibaki kule.

Siku ya 5: Kutoka kwa njia ya Balranald, kilomita 150 hivi

Kabla ya kuondoka, soma ubao wa barabara kwenye kituo cha wageni; mvua ya usiku mbali na kambi inaweza kuwa imefunga njia bila wewe kusikia tone. Ng'oa mbegu zilizonasa kwenye soksi na chini ya gari, uziweke kwenye mfuko wa taka.

Njia hii ya kusini-mashariki ndiyo aliyoingilia mtu wa Mungo, yule mwanamume wa 1974, aliporudi. Mifupa ya mwanamke ilirudishwa kwa jamii mwaka 1992. Ya mwanamume ilikaa Canberra miaka 43, mpaka Novemba 2017, alipowekwa kwenye jeneza lililochongwa kwa gogo la mkaratusi lenye umri wa maelfu ya miaka, akapakiwa kwenye gari jeusi la zamani la kubebea maiti, na msafara ukapita Wagga Wagga, Hay na Balranald, miji ikitoka nje kumpokea kwa moshi wa majani ya mkaratusi. Tarehe 17 Novemba alifika ziwani.

Mwaka 2022 yeye na yule mwanamke walizikwa. Uamuzi huo ulipingwa na baadhi ya wazee na wanasayansi waliotaka mabaki yahifadhiwe mahali pa kutunzia, na mgawanyiko huo haujapona. Mahali pa kaburi hapakutangazwa. Ukitoka kwa gari utapita vichaka vya kijivu, mibela, nguzo moja moja za uzio wa zamani zisizo na waya, na lambo lililovunjwa ukingo ambalo nyasi zimeanza kuota ndani yake. Hakuna bango linaloelekeza.